Jampa ya shaba au ya alumini? Bondingi ya mafuta kwa ndege ndogo za mwambao wa Tanga

Mpwa wangu anasomea ufundi wa ndege. Mwezi uliopita alikuja nyumbani Chumbageni, akaniamkia, akanywa kahawa yake, kisha akatoa vifuko viwili vya nailoni na kuvimwaga mezani. Kimoja kilikuwa na jampa za shaba, yaani vipande vifupi vya waya wa kuunga metali na metali ili umeme upite, zile za waya wa kusuka uliopakwa bati. Kingine kilikuwa na jampa za alumini.

"Mjomba," akasema, "kwenye mabomba ya mafuta ndani ya bawa, ipi inafaa? Kazini mmoja ananiambia shaba, kwa kuwa inapitisha umeme vizuri zaidi. Mwingine ananiambia alumini, kwa kuwa ndege yenyewe alumini."

Nikamwambia wote wawili wamesema kweli, ila ukimfuata huyo wa kwanza kichwakichwa utaozesha ndege ya watu. Tulikaa na mazungumzo hayo mpaka alasiri. Yote yalihusu bondingi, yaani kuunganisha vipande vya metali ili viwe na umeme sawa. Nimeona niyaandike, maana swali la jampa haliji peke yake: ukilijibu linaleta la mita, na la mita linaleta la ethi na mapipa.

Kabla ya yote, kwenye ndege yenye cheti mwamuzi ni kitabu cha matengenezo na orodha ya vipuri ya kiwanda. Kikikutajia namba ya jampa, funga hiyo. Ukifunga nyingine, TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, wakija kukagua hutakuwa na la kujitetea. Ninachozungumzia hapa ni pale kitabu kinapokuachia nafasi, au pale unapotaka kuelewa kwa nini kiwanda kilichagua hiki kikaacha kile.

Kazi ya jampa

Bomba la mafuta ndani ya bawa si bomba moja. Ni vipande vilivyoungwa kwa kapulingi, na ndani ya kapulingi mna oringi za mpira ili mafuta yasivuje. Mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo kila kipande kinageuka kisiwa. Mafuta yakipita humo yanaacha chaji ya umeme tuli, chaji inalundikana, na ikipata pa kurukia inaruka kwa cheche. Jampa ni daraja kutoka kisiwa hadi kisiwa, na kutoka hapo hadi mwili wa ndege.

Cheche yenyewe haihitaji kuwa kubwa. Mvuke wa mafuta ukichanganyika na hewa kwa kipimo chake unawashwa na kama milijuli 0.2 tu. Ule mshtuko unaokupata kidoleni ukivua fulana ya nailoni na kugusa kitasa umezidi hapo.

Sasa, kama adui angekuwa umeme tuli peke yake, hata waya hafifu ungetosha, kwa sababu chaji tuli hushuka salama hata kwenye ukinzani wa omu milioni moja. Mpwa wangu hapa akanikatiza: kwa nini basi mwongozo wa FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, uitwao AC 43.13-1B, unataka jampa isizidi omu 0.003, yaani miliomu 3? Ni kwa sababu ya radi na shoti. Piga hesabu. Radi imepiga bawa, na ampea 1,000 zimepita kwenye jampa moja. Ukinzani ukiwa miliomu 3, tofauti kati ya ncha mbili ni volti 3, na hakuna kitakachoruka. Ukinzani ukiwa omu 1, tofauti ni volti 1,000. Radi kali hufika ampea 200,000, ingawa nyingi hupita kwenye ngozi ya ndege bila kuingia ndani.

Tarehe 8 Desemba 1963, Boeing 707 ya Pan Am, safari namba 214, ilipigwa na radi karibu na Elkton, Maryland, ikiwa inazunguka angani kusubiri kutua. Mvuke ndani ya tangi la bawa ukalipuka. Watu wote 81 wakafa.

Shaba na alumini

Anayesema shaba inapitisha umeme zaidi yuko sawa. Lakini twende kwenye namba. Chukua jampa ya sentimita 10 yenye unene wa milimita 5 za mraba. Ya shaba ina ukinzani wa karibu miliomu 0.34. Ya alumini ya kipimo hichohicho, karibu 0.56. Zote mbili ziko mbali sana chini ya 3. Tofauti yao inamezwa na uchafu mdogo tu chini ya washa, ile pete bapa inayokaa chini ya bolti. Kwa hiyo sifa ambayo watu wanainunulia shaba ndiyo isiyo na uzito wowote hapa.

Chenye uzito ni chumvi. Tanga kaskazi inatoka baharini, kusi nayo inatoka baharini. Mwaka mzima hewa inakuletea chumvi mpaka ndani ya banda la ndege. Mwenye baiskeli anayeishi Raskazone anajua rimu zake zinavyokwenda ukilinganisha na za ndugu yake wa Lushoto. Shaba ikigusana na alumini na katikati pakawa na unyevu wa chumvi, umeshatengeneza betri, na kwenye betri hiyo anayeliwa ni alumini. Hailiki jampa. Unalika mwili wa ndege.

Niliwahi kufungua kifuniko cha bawa la Cessna 206 iliyokuwa imelala miaka kwenye kiwanja kimoja cha pwani. Jampa ya shaba ilikuwa inang'aa kama imefungwa jana. Nikaivuta kidogo kwa kidole, ikatoka na bolti yake. Chini ya washa palikuwa na ungaunga mweupe kama bada, na tundu la bolti limepanuka mpaka mbavu ya bawa ikabidi ifanyiwe kazi ya bati. Mwenye ndege alikuwa amelipa ukaguzi mara mbili, na wote waliokagua walitazama jampa ikiwa inang'aa wakaridhika.

AC 43.13-1B ina kanuni moja ninayoipenda kwa sababu imekaa kibahili: kama metali mbili tofauti hazina budi kugusana, panga mambo ili kitakachooza kiwe jampa au washa yake, si ndege. Jampa ni shilingi chache. Mbavu ya bawa si shilingi chache.

Kwa hiyo nikamchorea mpwa wangu hivi kwenye karatasi:

| | Shaba iliyopakwa bati | Alumini |
|---|---|---|
| Ukinzani wa waya wenyewe | unatosha | unatosha |
| Ikifungwa kwenye alumini penye chumvi | inakula mwili wa ndege. Bati hupunguza, haliondoi | hakuna ugomvi |
| Kukunjwakunjwa na mtetemo | huvumilia | nyuzi hukatika mapema |
| Utando juu ya metali | huja polepole | huja mara moja, na haupitishi umeme |
| Mahali pake | chuma cha pua, chuma kilichopakwa kadimiamu, shaba ya manjano | alumini kwa alumini |

Mstari wa tatu na wa nne ndiyo udhaifu wa alumini, na siufichi. Ukikwangua alumini, utando mpya unaanza palepale, hivyo ukisafisha mahali funga saa hiyohiyo. Usisafishe halafu ukaenda kula. Na kwenye kitu kinachocheza, kama flapu, kile kipande cha nyuma ya bawa kinachoshushwa wakati wa kutua, alumini inakatika nyuzi moja moja mpaka unabaki na jampa ya jina. Huko shaba iliyopakwa bati inastahili nafasi, pamoja na washa ya alumini upande wa ndege na rangi ya kuzuia maji ukishamaliza kupima.

Kuna jambo jingine kuhusu shaba ambalo yule mwenzake mpwa wangu anayeitetea shaba hakulitaja. Shaba tupu haitakiwi ndani ya Jet A-1, mafuta ya injini za jeti na tabini. Chembe zake huyachochea mafuta yaharibike yakipata joto, na yakiharibika hivyo huacha utando mgumu kwenye nozeli za injini. Ukiona jampa ya shaba ya zamani ndani ya tangi imeshachubuka bati lake, itoe hata kama mita inakupa namba nzuri.

Uamuzi wangu kwa ndege ndogo za alumini za huku kwetu: mabomba ya alumini ndani ya bawa, jampa ya alumini. Fitingi ya chuma cha pua au ya chuma kilichopakwa kadimiamu, shaba iliyopakwa bati. Shaba tupu, hapana. Na kwa vyovyote vile, iwe fupi. Jampa ndefu yenye kitanzi inaonekana nzuri mpaka siku ya radi, kwa sababu mkondo wa radi unapanda ghafla na kitanzi chenyewe kinauwekea upinzani ambao mita yako ya banda haiwezi kuuona.

Haya yote ni kwa ndege za metali. Ndege za nyuzi za kaboni kama Boeing 787 zimegeuza hesabu: humo mna vipande vya bomba vilivyotengenezwa makusudi viwe na ukinzani mkubwa kiasi, umeme tuli ushuke taratibu lakini mkondo wa radi usipate njia kupitia bombani. Ukichukua mazoea ya Cessna ukayapeleka huko umeharibu.

Mita ya kawaida na mita ya miliomu

Hapa sitakaa sana. Mita ya kawaida, hii ya kila fundi umeme pale Ngamiani, haiwezi kupima miliomu 3. Nyaya zake mbili zenyewe zina omu 0.1 mpaka 0.3, yaani mara thelathini na kitu mpaka mara mia ya kile unachokitafuta. Ikipiga "piii" inakwambia kuna njia, haikwambii njia ina upana gani. Kibaya zaidi, inampa fundi imani.

Mita ya miliomu ina nyaya nne: mbili zinapeleka mkondo, mbili zinasoma volti palepale kwenye kiungo, hivyo ukinzani wa nyaya hauingii kwenye hesabu. Ni ghali. Banda dogo linaweza kuiazima au kushirikiana na jirani. Ukiwa huna kabisa, na kipande kiko mezani mbali na mafuta na mvuke, pitisha ampea 1 kutoka chanzo cha umeme unachoweza kukidhibiti, kisha soma milivolti juu ya kiungo. Milivolti 3 ni miliomu 3. Nasema tena: mezani. Karibu na tangi, hata likiwa tupu, ni mita iliyothibitishwa kwa mazingira ya mvuke tu. Tangi tupu lina mvuke kuliko lililojaa.

Na usisafishe kwa sufi ya chuma. Inaacha chembe za chuma ndani ya alumini, chembe zinashika kutu, na umerudi kwenye betri ileile.

Bondingi na ethi wakati wa kujaza

Swali hili ndilo lililotupotezea muda mwingi, kwa sababu mpwa wangu alifundishwa na wazee, na wazee tulifundishwa kuchomeka chuma ardhini. Bondingi ni kuunganisha vitu viwili ili viwe na umeme sawa: boza na ndege, pipa na ndege. Ethi ni kuunganisha kitu na ardhi. Watu huzichanganya kwa kuwa waya unafanana na klipu inafanana.

Wakati wa kujaza mafuta, chagua bondingi. Chaji inatengenezwa pale mafuta yanapopita kwenye pampu, chujio na mpira. Upande mmoja wa chaji unabaki kwenye boza, mwingine unaingia tangini pamoja na mafuta. Hatari iko kati ya nozeli na mdomo wa tangi, na waya unaounganisha hizo mbili ndio unaoifuta. Chuma kilichochomekwa kwenye matumbawe makavu hakigusi tatizo hilo. Kanuni ya Marekani ya kujaza mafuta kwenye ndege, NFPA 407, iliacha zamani kudai ethi wakati wa kujaza, ikabakisha bondingi. Ethi inabaki na kazi yake bandani, ndege ikiwa imelala au matangi yamefunguliwa, na vifaa vya umeme wa ukutani viko karibu.

Mpangilio haubadiliki: klipu kwanza, kwenye chuma kisicho na rangi, mahali kiwanda kilipoweka. Si kwenye antena, si kwenye propela. Kisha, kama unajaza juu ya bawa, waya wa nozeli nao uguse ndege kabla mfuniko haujafunguliwa. Kutoa ni kinyume, klipu ya boza ikiwa ya mwisho. Mpira wa kujazia unaopitisha umeme hauchukui nafasi ya waya.

"Lakini mjomba, Tanga kuna unyevu. Umeme tuli haukai."

Kwenye nguo, kweli haukai sana. Ndani ya bomba mafuta hayajui kama nje kuna mvua au jua. Unyevu wa hewa haugusi chaji inayotengenezwa ndani ya chujio. Tena maji yakiingia kwenye mafuta, chaji inaongezeka. Kinachosaidia ni ile dawa ya kuongeza upitishaji inayowekwa kwenye Jet A-1, na hata ikiwepo inafanya chaji itulie haraka zaidi, haifanyi isitengenezwe.

Kuna mtu wa bandarini alikuwepo barazani siku ile, akacheka. Akasema wao meli ya mafuta ikifunga, hawaiungi na gati kwa waya. Wanaweka flenji, yaani kiungo cha bomba, isiyopitisha umeme katikati ya mpira wa mafuta. Mpwa wangu akanitazama kama amenishika. Lakini hakuna mgongano. Meli imekaa ndani ya maji ya chumvi, na meli na gati zote zina mikondo ya umeme ya kuzuia kutu inayopita baharini. Ukiziunga, mkondo mkubwa unapita kwenye mpira, na siku ya kuufungua unapata cheche yenyewe. Kule dawa ni kutenganisha. Ndege imekaa juu ya matairi, haina bahari ya kuiunganisha na chochote. Huku dawa ni kuunganisha.

Boza, pipa, dumu

Boza lenye waya wake na chujio lake ndilo bora. Halina mjadala.

Pipa la chuma na pampu ya mkono linakubalika kwenye kiwanja kidogo cha majani huko Pangani au Saadani, ikiwa pipa, pampu, chujio na ndege vyote vimeungwa kabla ya kufungua chochote. Faneli iwe ya chuma, na iguse mdomo wa tangi. Sukuma pampu taratibu. Usinyunyize mafuta kutoka juu. Mafuta yaliyopasuka kuwa vitone vidogo huwaka hata yakiwa na ubaridi ambao mafuta ya kimiminika yasingewaka.

Dumu la plastiki, hapana. Najua hoja: bodaboda wanauza petroli kwenye chupa kila kona na hakuna aliyelipuka leo. Plastiki haina mahali pa kufungia klipu. Chaji imekaa juu ya ukuta wake na waya hauwezi kuifikia. Kulitia dumu waya ni sawa na kufunga kamba kwenye moshi.

Aina ya mafuta nayo inabadilisha hofu yako. Avgesi ya injini za pistoni hutoa mvuke unaowaka hata penye baridi kali, hivyo mdomo wa tangi ni wa hatari saa zote. Jet A-1, inayotumiwa na Cessna Caravan, haitakiwi kutoa mvuke wa kuwaka chini ya nyuzi 38. Watu husikia 38 wakatulia. Machi, Tanga kivulini ni nyuzi 32 au 33, na bawa halikai kivulini.

Na bondingi si kinga ya kila kitu. Boeing 747 ya TWA, safari 800, ililipuka tarehe 17 Julai 1996 karibu na New York na kuua watu 230. Wachunguzi waliona chanzo chenye uwezekano mkubwa ni shoti nje ya tangi la katikati, iliyoingiza volti kubwa kupitia nyaya za kipimo cha mafuta. Jampa zako zikiwa safi, geuka utazame na nyaya za geji.

Mpwa wangu aliondoka na kifuko cha alumini chote, na jampa mbili za shaba kwa ajili ya fitingi ya chuma cha pua. Zilizobaki aliziacha mezani kwangu. Jumamosi akapiga simu kutoka kazini. Alikuwa ameazima mita ya nyaya nne, na bawa la kushoto lilimpa miliomu 2.1. La kulia 9, jampa mpya, bolti mpya.

"Toa washa," nikamwambia.

Kimya kidogo. Kisha: "Kuna rangi chini yake, mjomba."